Kitabu cha Pili Kiko kwa Delfa

Nenita aliteleza kwenye magamba ya samaki katika soko la mji wa Iloilo, akavunjika kifundo cha mguu. Daktari akaufunga mguu plasta ngumu, akamwambia akae kitandani mpaka mfupa uunge. Bora angemwambia asipumue. Huyu ni mwanamke aliyekuwa hata akila anasimama. Haukupita muda akawa amegombana na mumewe, na paka, na feni.

Wifi yake Delfa, mtu wa taratibu, akamletea riwaya nene: watu wamemezwa na mchezo wa kompyuta, wanapewa silaha, wanapanda ngazi za mchezo kwa kuua majoka.

"Mambo ya watoto haya, wifi."

"Wewe soma. Kikikuchosha, kiwekee kikombe juu."

Akasoma ili apate cha kuponda. Shujaa, Baldo, alikuwa na upanga wa moto, ila aliogopa kuku. Mganga wao, Sidra, alitibu kila jeraha lakini hakujua kusema samahani. Akikukosea, alikupikia supu na kukusukumia bakuli kwa hasira. Joka likija, linawakuta wanagombana nani kamaliza maji. Nenita alicheka mpaka jirani akachungulia dirishani, akidhani analia.

Kisha Baldo akakimbia, akamwacha Sidra pangoni, na kitabu kikaisha hapo hapo. Nenita akampigia Delfa simu.

"Cha pili bado nakisoma, wifi."

"Umefika wapi?"

"Mwanzoni. Mimi husoma nikionja kidogo kidogo."

"Niambie tu, anatoka?"

"Nani?"

"Sidra, jamani!"

"Sijui. Na ningejua nisingekwambia."

Nenita akageuka kulia, akageuka kushoto. Akajikuna ndani ya plasta kwa kijiti cha mishikaki. Mwishowe akauvisha mguu mfuko wa nailoni, akashika magongo, akatoka mvua ikinyesha kwenda kwa Delfa.

"Una wazimu?" Delfa alishika kichwa mlangoni. "Kaka yangu ataniua!"

"Soma kwa sauti," alisema Nenita, akijitupa kitini.

Delfa akasoma, akipumzika kila nukta, huku Nenita akiufinyafinya mto. Baldo alirudi pangoni kweli, lakini kwa sababu alikuwa amesahau mkoba wake. Sidra akamtukana mpaka popo wakahama. Wifi hao wawili wakashikana mabega kwa kicheko.

"Koo limekauka," alisema Delfa. " Ngoja nichemshe tangawizi."

"Usithubutu kuinuka!" Nenita akayavuta magongo, akaenda mwenyewe jikoni. "Nawasha jiko. Wewe endelea kusoma, paza sauti!"