Ushuru wa Gari la Masafa

Masafa aliendesha malori ya mizigo kwa miaka thelathini na moja. Jina hilo alibandikwa na madereva wenzake kwa sababu hakujua safari fupi. Ukimtuma nyanya, walisema, atauliza kwanza tairi la akiba liko wapi. Kisha siku moja, akiwa juu ya tela anafunga turubai, kamba ilikatika, akaanguka chali kwenye sakafu ya ghala. Alilazwa miezi minne. Alirudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu, na tangu hapo kila aliyekuja kumjulia hali alipewa jibu lilelile: miguu imelala tu, itaamka.

Miaka miwili ilipita hivyo, na nyumbani hapakuwa na wa kumbishia. Mkewe, fundi cherehani, alimshonea mito ya kiti na kuibadilisha kila ilipobonyea, bila kusema neno. Binti yao alifanya kazi kwenye maabara ya hospitali ileile alikolazwa. Alikuwa amelisoma jalada la baba yake lote, mpaka ukurasa wa mwisho, kisha akalirudisha kabatini na kunyamaza kama mama yake.

Huyo binti ndiye aliyenunua gari. Kwa karibu mwaka mzima, saa ya chakula cha mchana, alikuwa akipekua kwenye simu magari yaliyotumika yanayouzwa ng'ambo, mpaka akalipata alilolitaka: gari dogo jeupe ambalo mwenyewe wa kwanza alilifungia mpini wa chuma pembeni ya usukani. Ukiusukuma unashika breki, ukiuvuta unaongeza mafuta, na miguu haina kazi. Alilipa kwa akiba yake pamoja na sehemu ya fidia ya baba yake. Nyumbani alilieleza kwa sauti nyepesi kuliko alivyokusudia. Lina mpini wa ziada, alisema, utautumia kwa muda, Baba, ukipona tutaung'oa. Baba yake aliitikia kwa kichwa na kuuliza gari lina kilomita ngapi.

Kodi alikuwa ameshaipiga hesabu mwenyewe, nyuma ya daftari la maabara. Ushuru wa forodha ni robo ya thamani. Ushuru wa bidhaa, sehemu ya kumi. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia kumi na nane. Kwa kila mia aliyomlipa muuzaji, serikali ingechukua hamsini na tatu. Kiasi hicho alikiweka pembeni na hakukigusa. Mtu anayepima damu za watu tone kwa tone hakudhani angeweza kukosea hesabu kama hiyo.

Meli ilipotia nanga alikwenda kwa wakala wa forodha, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la madaftari. Mlango ulishikiliwa wazi na katoni ya karatasi. Wakala alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso na kuisahau huko. Aliisoma karatasi ya binti kwa makini mpaka chini.

"Dada yangu, hesabu yako ni safi," alisema. "Ila umeanzia mahali ambapo wenzetu hawaanzii."

Alivuta karatasi nyingine akamwandikia. Tuseme gari ulilinunua kwa mia. Forodha hawaangalii ulilipa ngapi, wana orodha yao ya thamani, na kwenye orodha gari hili ni mia na thelathini. Ongeza nauli ya meli na bima, thelathini nyingine. Sasa ni mia na sitini, na hapo ndipo kodi inapoanzia. Robo yake ni arobaini. Lakini ushuru wa bidhaa hautozwi kwenye ile mia na sitini, unatozwa kwenye mia mbili, kwa sababu ushuru wa kwanza umeshakuwa sehemu ya thamani. Hiyo ni ishirini. Na ile kodi ya mwisho inakaa juu ya yote, mia mbili na ishirini, inazaa karibu arobaini. Akapiga mstari. Kodi peke yake, mia moja kasoro kidogo.

Yaani gari la pili. Binti aliiangalia ile karatasi kama majibu ya vipimo anayoyajua maana yake. Alikuwa na hamsini na tatu. Aliuliza lini mwisho wa kulipa, akaambiwa siku saba, baada ya hapo yadi ya forodha inaanza kudai pango la kila siku, na ikizidi miezi miwili gari linapigwa mnada.

Wakala ndiye aliyeuona mpini, kwenye picha za gari, alipokuwa akizipanga zile karatasi. Aliuliza ni wa nini. Binti alipomweleza, yule bwana aliteremsha miwani machoni kwa mara ya kwanza. Kwa nini hukuanza na hilo? Mtu mwenye ulemavu anasamehewa ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa kwa gari moja, inabaki kodi ya mwisho tu, nayo itapungua kwa kuwa hizo mbili za kwanza hazimo tena. Itakuwa kama ishirini na tisa. Gari liwe kwa jina lake, asiliuze kwa miaka mitano, jopo la madaktari limpime, na yeye mwenyewe atie saini. Alitoa fomu kwenye mtoto wa meza na kuweka kidole kwenye mstari wa kwanza: Mimi niliyetaja jina langu hapo juu, mwenye ulemavu wa kudumu.

Binti aliikunja fomu mara mbili. Njiani kurudi aliifikiria kodi kidogo sana. Aliyemjia kichwani ni baba yake akilisoma neno la mwisho la mstari ule.

Na ndivyo ilivyokuwa. Masafa aliisoma, akaiweka mezani, akasema hawezi kuidanganya serikali. Hakupandisha sauti. Alisema kuna kiwanja chao kule nje ya mji, kitauzwa, kodi italipwa yote, na habari iishie hapo. Mkewe, sindano mdomoni, alisema kiwanja kina majina mawili na jina lake yeye haliuzwi. Kisha akaendelea kupinda upindo wa sketi ya mteja. Masafa akaomba aletewe hesabu ya wakala.

Alikuwa amesimama mipakani maisha yake yote, siku tatu, siku tano, akisubiri karatasi za mizigo ya watu, na mambo ya ushuru kupanda juu ya ushuru hayakumshangaza. Alivaa miwani ya kusomea, akachukua kalamu, akashuka mstari kwa mstari. Binti alivuta kiti karibu. Muda mrefu hakuwa amemwona baba yake akiinamia kazi hivyo, ulimi ukitokeza kidogo pembeni ya mdomo. Kwenye ushuru wa bidhaa, ambao wakala aliupanga kwa ujazo wa injini, alisimama.

"Nani kasema injini hii ni elfu moja mia tano?"

Binti alisema ndivyo muuzaji alivyoandika kwenye ankara. Baba yake alisema muuzaji anapandisha namba ili zipendeze, injini haitoki kiwandani na ujazo wa namba kamili namna hiyo. Aliitaka nakala ya kadi ya gari ya kule lilikotoka. Waliitafuta kwenye bahasha, wakaipata, na pale katikati ya maandishi wasiyoweza kuyasoma palikuwa na namba ambayo kila mtu angeisoma: 1496. Asubuhi yake binti alimpigia simu wakala. Wakala alisikika akifungua faili, kisha akaomba radhi. Chini ya elfu moja mia tano ushuru wa bidhaa ulikuwa nusu tu. Kodi yote ilishuka kutoka karibu mia hadi themanini na nane.

Masafa alifurahi siku nzima. Aliisimulia hadithi hiyo kwa jirani mmoja, kisha kwa mwingine, na kila mara wakala alizidi kuwa mjinga. Lakini jioni binti alipoketi naye barazani, namba zilikuwa palepale: waliyonayo hamsini na tatu, inayotakiwa themanini na nane, siku zimebaki tano. Alimwambia hivyo, taratibu. Akaongeza kwamba fomu ni karatasi tu.

"Si karatasi tu," baba yake alisema. "Wewe gari lile ulilinunua mwaka huu. Magari yako mengi huko, mazuri, ya bei nafuu kuliko hili. Ukachagua lenye mpini. Siku ile ulikuwa umeshajua, sivyo?"

Binti angeweza kusema tena habari za kuung'oa mpini. Maneno yalikuwa yamemfika mdomoni.

"Ndiyo, Baba. Nilijua hata kabla. Nilisoma jalada lako."

"Lini?"

"Wiki uliyotoka hospitali."

Masafa aliangalia barabarani, ambako mtu alikuwa akisukuma baiskeli yenye pancha. Akauliza kama mkewe naye anajua. Binti alisema hawajawahi kulizungumza, ila anadhani anajua. Baba yake akasema basi nyumba nzima imekuwa ikimlinda kama yai. Hakuonekana amekasirika. Alionekana amechoka, kama mtu aliyefika baada ya safari ya usiku na mchana, na binti aliona aibu kwamba kwa miaka miwili alikuwa amemwachia peke yake kazi ya kuwapa moyo wote watatu.

Siku iliyofuata wakala alipiga simu: mkaguzi wa forodha anataka kulihakiki gari, na ikiwezekana mwenyewe awepo. Masafa alisema atakwenda, lakini kwa ukaguzi tu, wasije wakamletea kalamu.

Yadi ilikuwa uwanja mpana wa lami, magari yamepangwa pua kwa mkia, yote na vumbi la safari. Mkaguzi, mwanamama aliyevaa buti, alisoma namba ya chasisi kwa sauti, wakala akawa anaifuata kwenye karatasi. Masafa akaomba aketi ndani. Mkaguzi alisita, kisha akafungua mlango wa dereva mwenyewe. Binti na wakala walimsaidia kuhama kutoka kiti hadi kiti, kazi ya dakika nzima na jasho. Alipotulia aliweka mkono wa kushoto kwenye usukani. Wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye mpini.

Mpira wa mpini ulikuwa umelika. Si kwa kukauka na jua. Ulikuwa umelika mahali pamoja, umeacha mashimo manne ya vidole na moja la gumba. Masafa aliviweka vidole vyake humo. Aliyekuwa na mkono huo alikuwa na vidole vifupi kuliko vyake. Akaangalia dashibodi na kuisoma namba ya kilomita: themanini na nane elfu na ushei. Alikaa hivyo mpaka wakala akaanza kuangalia saa.

"Themanini na nane elfu," alisema mwishowe, kama anayezungumza na kioo cha mbele. "Huyu mtu hakusubiri."

Binti alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu ya paa la gari.

Jopo la madaktari lilikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu. Masafa alijibu kila alichoulizwa, akavumilia kuchomwa kwa pini mahali ambapo hakuhisi pini. Walipomaliza, mkubwa wao alimwambia waziwazi wanachokwenda kuandika. Aliomba apewe karatasi aisome mwenyewe kabla haijagongwa muhuri. Alisoma kwa sauti, neno kwa neno, na kwenye lile neno la kudumu sauti yake haikukatika ila ilipungua. Kisha akatia saini kwenye fomu, herufi kubwa za dereva aliyezoea kusaini juu ya goti. Usiku ule hakula. Mkewe alilala akiwa amemshika mkono, na asubuhi hakuna aliyemwambia ajipe moyo.

Msamaha haukutoka ndani ya zile siku saba. Ulichukua wiki tatu, na yadi ikadai pango lake, hivyo karibu akiba yote ya binti ilikwisha. Kiwanja kilibaki. Wakala alikataa malipo ya kurekebisha fomu, akasema ile namba ya injini ilimfundisha kitu akiwa na miaka ishirini kazini, tena alifundishwa na mteja ambaye wakati huo alikuwa hajamwona.

Leseni ya zamani ya Masafa haikufaa kwa gari la namna ile. Ilimbidi akajaribiwe upya, kwenye foleni moja na vijana waliokuwa wakitetemeka, na mara ya kwanza alishindwa kwa sababu alivuta mpini kama anapandisha tani thelathini mlimani. Mara ya pili alipita.

Jumamosi moja, akiwa ameshazoea kuhama kiti hadi kiti bila msaada, aliondoka peke yake bila kuaga. Mkewe alisikia injini, akatoka na shati la mtu mkononi, akakuta lango liko wazi. Alimpigia binti kazini, binti akaja, wakakaa barazani wawili hao, kila mmoja akijifanya hana wasiwasi. Saa moja na nusu ilipita. Gari lilipoingia, Masafa alizima injini na kubaki ndani, kioo kimeshushwa. Binti alimuuliza alikuwa amekwenda wapi.

"Nilifika mpaka kwenye mizani ya barabara kuu," alisema. "Nikawasha taa ya kuingia kupimwa, kama kawaida. Yule askari akaniangalia, akanipungia nipite. Gari dogo halipimwi. Miaka yote ile sikuwahi kupita pale bila kusimama."

Mkewe aliuliza akaendelea hadi wapi. Alisema alikwenda mbele kidogo, akaegesha, akakaa akiyatazama malori yakisubiri zamu, halafu akaona njaa.