Pombe Nyeusi ya Kumwomba Kui

Mimi nikiulizwa juu ya pombe nyeusi najibu ukweli, na ukweli huo umenikosanisha na nusu ya watu wa ploti yetu hapa Langalanga, Nakuru. Sijutii. Kama hutaki jibu, usiniulize.

Naitwa Immaculate, mke wa Sitati. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na siku hizi kazi yangu ni kuku, kwaya ya kanisa, na pombe. Siuzi. Natengeneza ya kunywa mwenyewe na marafiki, katika kile chumba cha nyuma ambacho Sitati alitaka kiwe ofisi yake. Ofisi ya nini, na kazi ya reli alishastaafu? Yeye mwenyewe haionji. Ni Mkristo wa kanisa la Friends, na hao kwa pombe hawana mchezo. Lakini ndoo zangu ananibebea, na chupa ananioshea, na akimaliza ananawa mikono na sabuni mara mbili.

Mama yangu alikuwa akipika busaa, pombe ya nafaka ya kwetu western, kwa kimea cha wimbi. Mimi natumia shayiri kutoka Mau Narok. Nailoweka, naitandaza juu ya gunia mpaka iote vijimizizi, halafu naikausha. Kidogo kati ya hiyo naikaanga kwenye sufuria kavu mpaka iwe nyeusi kama kahawa. Hiyo kidogo ndiyo inayotia rangi ndoo nzima. Si masizi, si dawa, na si nguvu. Mkate ukiungua haugeuki kuwa pombe kali ya chang'aa, au sivyo?

Lakini waambie watu. Akeyo, jirani yangu wa ukuta mmoja, alikuja na chupa tupu akitaka ya binti yake aliyejifungua, ati nyeusi huleta damu. Nikamwambia damu iletwe na maini, ndengu na mboga, na mama anayenyonyesha hana haja na pombe ya rangi yoyote. Akaninunia. Mzee mmoja wa ploti ya pili alininong'onezea habari za nguvu za kiume, na huyo nilimjibu kwa sauti ili mke wake asikie. Mwalimu mwenzangu wa zamani hataki hata kuinusa kwa sababu ataota kitambi, na hapo anashushia nyama ya nguruwe kwa bia nyeupe, na kitambi anacho tayari.

Na wote kabisa wanaamini nyeusi ni kali. Yangu si kali. Nina kipimo cha kioo kinachoelea, nikipima kabla na baada ya kuchacha, naiona iko chini kidogo ya ile nyeupe ya baa. Mdomoni ni nzito, hiyo sikatai. Uji pia ni mzito, na sijaona mtu akipepesuka kwa uji.

Sasa, kijana wangu wa mwisho, Nyongesa, akapata msichana chuoni Njoro. Kui, binti ya Gathogo, mkulima wa viazi kule Molo. Nilimpenda siku ya kwanza alipokuja kwetu. Nilimwekea glasi, akaonja, akafikiri, akasema, "Ni chungu mwishoni, halafu inaisha vizuri." Hakuniuliza itamfanya nini mwilini. Nikamwambia Nyongesa akimpoteza huyu asirudi nyumbani.

Wakati wa kwenda kumwomba ulipofika, tukapigiwa simu na Kamande, ndugu mdogo wa Gathogo, ambaye ndiye msemaji wao. Alimwambia Sitati tulete njohi, yaani pombe ya kuombea msichana, na isiwe ya kiwanda. Pombe hiyo hutengenezwa kwa mikono, akasema. Alikuwa akimaanisha muratina, pombe yao ya asali, lakini hakulitaja neno hilo, na Sitati hakuuliza. Alikata simu, akanigeukia akitabasamu. "Si wewe unayo," akasema.

Nyongesa alinieleza mambo yalivyo. Baba ya msichana hujaziwa glasi ya pombe ya wageni. Halafu anamwita binti yake mbele ya watu wote, anamuuliza kama ainywe. Binti akikubali, baba anakunywa, na hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Asipokunywa, ni kama hamkufika. Mnapanda gari lenu mnarudi mlikotoka.

Nilielewa. Ndoo hiyo niliifanya kwa makini kuliko zote. Niliiombea. Ndiyo, niliombea pombe, na padre akitaka kuniuliza aniulize. Ilipokomaa nikaifungua chupa moja nikaonja peke yangu jikoni, nikaketi chini kwa furaha. Sijawahi kufanya nzuri hivyo.

Molo tulipokelewa vizuri. Baridi ilikuwa ile ya kuuma masikio, lakini walituweka sebuleni karibu na jiko la makaa, tukapewa chai na viazi vya kupondwa vya mukimo, na wazee wao wakatutania kwamba watu wa Nakuru mjini hawajui kuvaa sweta. Gathogo ni mtu mkubwa, mpole, wa kuongea polepole. Kando yake aliketi mama yake, shosho mzee sana aliyejifunga shali mpaka kidevuni. Nikajisemea, hawa ni watu wazuri, mtoto wetu amepata.

Basi Kamande akaomba pombe. Nyongesa akaleta. Kamande akafungua chupa, akamimina. Ikashuka nyeusi tititi, na juu yake povu la rangi ya chai ya maziwa, limetulia vizuri kabisa. Mimi nilikuwa nimenyoosha shingo kama mzazi siku ya zawadi.

Kamande akaacha kumimina.

"Hii ni nini?" Kamande akauliza.

"Ni pombe," Sitati akajibu. "Ya kutengenezwa kwa mikono, kama mlivyosema."

"Muratina si nyeusi hivi."

"Si muratina. Ni ya shayiri."

Mzee mmoja kwenye kochi la nyuma akamwambia mwenzake, kwa sauti ya mtu asiyejali kusikiwa, "Hawa watu wa western na pombe zao." Damu ilinipanda. Sitati akanigusa goti, maana ananijua.

Gathogo aliinua glasi, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, na mwanga haukupita. Akairudisha mezani taratibu. "Msinielewe vibaya," akasema. "Mimi nina pressure. Daktari aliniambia kachupa kamoja ka ile nyepesi, mara mojamoja, basi. Pombe kali nikanyimwa kabisa. Na hii nyeusi ndiyo kali kuliko zote, kila mtu anajua. Nikinywa hii mtanizika."

"Mzee, hii si kali," Sitati akasema.

"Wewe umeionja?"

Sitati wangu hajui kudanganya. "Hapana," akasema. "Mimi pombe sinywi."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Ningecheka pia kama si sisi tuliokuwa tukichekwa. Kicheko kilipoisha, Kamande alikohoa, akasema kwa heshima kwamba hakuna ubaya, turudi tu nyumbani, tutafute muratina, tuje siku nyingine wakipata nafasi. Labda baada ya kuvuna. Alisema kwa upole, lakini kurudishwa ni kurudishwa. Kule kwetu watu wangeuliza, nasi tungejibu nini? Kwamba pombe ya mama ndiyo ilimkosesha kijana mke? Nilimwona Kui kupitia mlango wa jikoni, ameshika kitambaa cha vyombo, amesimama kabisa. Nyongesa alikuwa anatazama viatu vyake.

Hapo ndipo shosho alipotoa mkono ndani ya shali. "Leteni hapa nione," akasema.

Wakampelekea glasi. Akainusa kwa muda mrefu, macho amefumba. "Hii naijua," akasema. "Nilipomzaa Gathogo, damu iliniisha. Nilikuwa nimelala hivi, wanalia. Bibi ya mzungu wa shamba akaniletea chupa ya nyeusi, akasema ninywe kidogo kidogo. Damu ikarudi. Hii ni dawa. Gathogo, kunywa. Hata hiyo pressure yako itashuka."

Sebule nzima ikageuka kama alizeti. Yule mzee wa kochi la nyuma akasema hata yeye amewahi kusikia hivyo. Gathogo mwenyewe alikunjua uso. Kamande, ambaye nafikiri alikuwa akitafuta njia ya kutoka kwenye aibu hiyo kama sisi, akanielekea mimi moja kwa moja. "Mama Nyongesa, wewe ndiye fundi. Ni kweli anavyosema mama? Hii ni dawa ya damu?"

Neno moja tu. Ndiyo. Neno fupi, na jambo limekwisha, na shosho amefurahi, na mtoto wangu ameoa. Nyongesa alinitazama kwa macho ya kuomba. Na Sitati, huyo Sitati asiyedanganya hata mtoza ushuru, haki nilimwona akitikisa kichwa kidogo, ndiyo, sema ndiyo.

Nikamtazama Gathogo. Nikamwona baadaye, tukishakuwa watu wa nyumba moja, akiagiza chupa zangu kila mwezi, akiweka tembe zake kwenye kabati na kuzisahau, kwa sababu mama Nyongesa alisema ni dawa.

"Hapana," nikasema.

Niliposema hapana ya kwanza zilizobaki zikafuata zenyewe. "Nisamehe, shosho. Nafurahi damu yako ilirudi, lakini haikurudishwa na pombe. Pombe hairudishi damu. Haishushi pressure, tena inaipandisha. Hii haiponyi chochote. Na mzee, ukiacha tembe zako kwa sababu ya chupa yangu, mimi ndiye nitakayekuwa nimekuua, na sikuja Molo kwa kazi hiyo. Rangi hii ni ya shayiri niliyoikaanga kwenye sufuria. Ukali wake ni chini kidogo ya ile uliyoruhusiwa. Kama daktari alikubali kachupa kamoja, hii ni sawa na hako kachupa, na usiongeze kingine juu yake. Kama hutaki, usinywe. Lakini usiinywe kwa uongo."

Shosho aliweka glasi mezani, akarudisha mkono ndani ya shali. "Huyu mama ana mdomo," akasema. Kamande alikuwa anatazama dari. Sitati alifumba macho, na najua alikuwa akiomba. Nilijiambia, Immaculate, leo umeharibu.

Gathogo alinitazama sana. Halafu akasema, polepole kama kawaida yake, "Mama yangu alikuwa amekufungulia mlango."

"Najua."

"Ungesema ndiyo, saa hii ningekuwa nimemaliza hiyo glasi."

"Najua, mzee."

"Na umekataa."

"Nimekataa."

Makaa yalilia kwenye jiko. "Sasa nikikuuliza mara nyingine kama ni kali," akasema, "na wewe unaniambia si kali."

"Si kali."

"Basi nitakuamini. Mtu aliyekataa kunidanganya kwa faida yake hawezi kunidanganya sasa." Akachukua glasi mezani. "Kui aitwe."

Kui alikuja na kitambaa bado mkononi, amesahau kukiweka. Akasimama mbele ya baba yake. Gathogo akainua glasi ili kila mtu aione.

"Kui, watu hawa wameleta pombe yao. Ni nyeusi hivi unavyoiona. Niinywe?"

"Kunywa, Baba," Kui akasema. Sauti yake ilikatika katikati, akalirudia neno ili wote wasikie. "Kunywa."

Akanywa. Hakuonja, alikunywa, kwa vituo, na sisi wote tukifuata koo lake kwa macho. Alipoishusha glasi povu lilikuwa limebaki kwenye masharubu. Akakaa kidogo akisikiliza mwili wake, kama mtu anayengoja dawa ya sindano imuume.

"Ni nyepesi," akasema, na alionekana amekasirika kidogo, kama mtu aliyegundua amedanganywa tangu ujana wake.

Wanawake jikoni walipiga ngemi, vigelegele vyao, mpaka mbwa akabweka. Kamande alijimiminia yake, akamimina na ya yule mzee wa kochi la nyuma, ambaye aliimaliza kabla ya wengine na kunyoosha glasi tena bila aibu yoyote. Shosho alitaka yake kwenye kikombe cha chai, kidogo. Alikunywa, akamwambia mjukuu wake mdogo kwamba tayari anaisikia damu ikitembea. Nikafungua mdomo. Gathogo akaniwahi. "Huyo mwache," akasema. "Hata mimi nilishashindwa."

Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka jioni. Wakati wa kuondoka, ukungu umeanza kushuka juu ya viazi, Gathogo alitusindikiza mpaka kwenye gari. Aliwaacha Sitati na Kamande watangulie, akabaki nyuma nami.

"Mimi nina msichana mmoja tu," akasema. "Siku zote hizi nilikuwa silali, nikijiuliza anaenda kwa watu gani. Akiugua huko kwenu, ama akikosana na huyo kijana, ama akikosa raha, nani ataniambia? Watu huficha. Wanasema yuko sawa, yuko sawa, mpaka siku unaitwa kumbeba."

Nikaacha kushika mlango wa gari, nikamgeukia.

"Sasa najua nitapigiwa simu," akasema.

"Utapigiwa," nikamwambia. "Siku hiyo hiyo."

Akanipa mkono. Mkono wake ulikuwa baridi na mzito, wenye udongo wa viazi kwenye kucha, akaushika wangu kwa muda. Nikaingia garini. Sitati akaniuliza kwa nini nalia na jambo limekwisha vizuri, nikamwambia aendeshe gari.