Rangi ya Ngozi ya Jeniffer

Zilikuwa zimebaki siku mbili misa ya arobaini ifike, na Skolastika alikuwa bado hajapata rangi ya ngozi ya mwanawe.

Ungemweleza hayo mtu yeyote pale Misunkumilo angekuona umechanganyikiwa. Mama gani asiyejua rangi ya mtoto aliyemzaa, akamnyonyesha, akambeba mgongoni? Basi Skolastika ndiye huyo, na akili zake zilikuwa timamu, tena kazi yake ilikuwa ni rangi. Huu ulikuwa mwaka wa nne anachora kwenye tableti picha za vitabu vya watoto. Watu wa Dar es Salaam walimtumia hadithi, naye akawaundia wahusika: sungura mwenye suruali ya kubana, bibi mpenda ugomvi, chura mtaka sifa. Kila mhusika alimwanzia kwa umbo jeusi tupu, maana asiyetambulika kwa kivuli chake hafai. Kisha alitafuta rangi moja ya ngozi, aliyoiita rangi mama, kwa kuwa vivuli na mng'ao wote vilitokana nayo. Ukikosea rangi mama, alipenda kusema, hata uchore macho mpaka yakonyeze, mtu wako atabaki kuwa siye.

Na sasa Jeniffer alikuwa pale kwenye kioo cha tableti, miaka sita, gauni la njano la Krismasi, mikono nyuma, anacheka. Umbo lilikuwa lake. Kile kichwa cha kuinamia upande mmoja, akisubiri aulizwe anataka nini, kilikuwa chake. Ngozi tu ilikuwa ya kijivu, kama ukuta uliopigwa lipu ukasahauliwa.

Malaria ilimchukua kwa siku tatu. Alhamisi aliamka na homa, Jumamosi alfajiri wakarudi naye kutoka hospitali wamemfunika.

Utasema, si kuna picha? Picha zilikuwepo, mia mbili na zaidi, zimejaa kwenye simu ya Skolastika. Zote zilipigwa na filta ya urembo, ile inayolainisha uso na kuung'arisha mpaka mtu anatoka kama ameoshwa kwa maziwa. Na filta hiyo haikujiwasha. Aliiwasha Skolastika mwenyewe, Jeniffer akiwa hajaanza hata kukaa, na hakuizima tena.

Sababu alikuwa mama mkwe wake, Nyanzala. Malale, mumewe, alipompeleka Skolastika kwao, binti wa Kibende mweusi ti, wazee wa Kisukuma walimpokea vizuri, wakala, wakacheka, kisha shangazi mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba angalau ana meno mazuri. Skolastika hakulijibu neno lile, ila hakulisahau. Mtoto alipozaliwa, kila picha iliyokwenda kwa bibi yake kijijini ilipitia kwanza kwenye filta. Bibi akafurahi, akamwonyesha kila aliyepita. Uongo mdogo, alijiambia Skolastika, wa kulinda amani.

Siku ya mazishi picha mojawapo iliwekwa juu ya jeneza. Skolastika akaitazama, akaona wanamzika mtoto wa watu. Hapo ndipo alipoapa kwamba siku ya arobaini picha itakayosimama mbele ya altare itakuwa ya mwanawe kweli, na ataichora yeye.

Tangu aanze alikuwa amejaribu rangi sitini na tatu. Aliziweka kwa majina, jeni moja, jeni mbili, mpaka sitini na tatu, na kila asubuhi ile iliyoonekana kufaa jana ilikuwa ya mtoto mwingine. Picha ya darasa aliyoipiga mwalimu haikusaidia: watoto themanini juani, Jeniffer mstari wa nyuma, uso kama punje ya ulezi. Akifumba macho, mtoto alikuja. Lakini alikuja na ngozi ya kwenye simu. Hilo ndilo lililomkata maini. Filta ilikuwa imeingia mpaka kichwani mwake, na mtoto halisi alikuwa anafutika humo humo, siku hadi siku, mama yake akiangalia.

Asubuhi hiyo, siku mbili kabla ya misa, akamwendea Nyanzala, aliyekuja kwa ajili ya arobaini na aliyekuwa uani anachambua mchele.

"Mayu," alimwita mama kwa Kisukuma, "Jeni alikuwa na rangi gani?"

"Mweupe," alisema Nyanzala bila kuinua uso. "Mweupe wa kung'aa. Mjukuu wangu yule alikuwa wa mahari ya ng'ombe thelathini, nakwambia, hata wangekuja na ishirini ningewafukuza." Kisha mikono ikasimama juu ya ungo, na bibi akaanza kulia kimya kimya, akijifuta kwa pembe ya khanga.

Skolastika angeweza kumwambia pale pale. Mayu, mjukuu unayemlilia nilikutengenezea mimi. Badala yake akachukua ungo akamalizia kuchambua.

Akaenda kwa jirani, Pudensiana, ambaye Jeniffer alishinda kwake siku nyingi kuliko nyumbani. "Maji ya kunde, Mama Jeni," alisema Pudensiana. Wote waliendelea kumwita Mama Jeni, na kila mara lilimchoma. "Kama huyu wangu Doto. Au alimzidi Doto weusi kidogo? Mi nilimzoea na vumbi lake, jamani, nisikudanganye."

Akarudi ndani akajifungia na tableti. Akaweka maji ya kunde: mtoto wa Pudensiana akamcheka. Akaweka ya Nyanzala: akatoka yule wa kwenye jeneza. Akapiga kiganja juu ya meza mpaka kalamu ikaruka. Yule wa kuchapa bango la misa kule Kashaulili alitaka picha kabla ya jioni. "Mungu wangu, nirudishie basi hata rangi," alisema kwa sauti. "Sikuombi zaidi."

Malale alimkuta katika hali hiyo. Alikuwa fundi pikipiki, amerudi kula, vidole vimejaa grisi. Tangu mazishi wawili hawa walikuwa wakilizunguka jina la mtoto kama watu wanaozunguka shimo la choo lisilo na mfuniko. Kumuuliza mumewe habari za rangi hakukuwa kumemjia Skolastika akilini kabisa. Mchoraji ni yeye. Na wanaume, nani asiyejua, wanaona mtoto amekua pale tu viatu vinapombana.

"Bado?" aliuliza Malale.

"Ondoka, Baba Jeni. Utanichafulia."

Hakuondoka. Alitazama gurudumu la kuchagulia rangi pembeni ya kioo. Akatoka, akasikika akinawa kwa sabuni, muda mrefu, kisha akarudi na mikono inayochuruzika maji, akaifuta kwenye shati.

"Hiki kinaendaje?"

Kwa uchovu tu, akamwonyesha. Ukivuta kidole huku inakoza, huku inapauka. Malale akavuta kuelekea kwenye weusi. Akapita maji ya kunde. Akapita ile namba sitini na tatu, akaendelea kushuka, na Skolastika akataka kumshika mkono. Huku hakuwa amewahi kufika. Malale alikuwa akisugua kidole gumba cha mkono wa pili kwenye vidole vyake, polepole, kama anayeyeyusha kitu.

"Ongeza wekundu kidogo. Kidogo. Hapo."

Rangi ikamwagika juu ya kijivu, na Jeniffer akawa amesimama mbele yao.

Skolastika alishika mdomo. Alikuwa yeye. Alikuwa yeye kabisa, mweusi, wa kung'aa, na rangi hiyo Skolastika aliijua: akaulaza mkono wake mwenyewe pembeni ya kioo, na hapakuwa na tofauti ya kutaja. Rangi sitini na tatu, na mkono huo huo ndio ulioshika kalamu.

"Umejuaje?" alinong'ona.

"Si mimi niliyekuwa nampaka mafuta?" alisema Malale, kama anayeshangaa kuulizwa. "Kila asubuhi. Wewe ulikuwa umelala, umechoka na kazi."

Wakalia basi, wote wawili, kwa mara ya kwanza pamoja, Malale akiwa amepiga magoti kando ya kiti. Kisha Skolastika akashika kalamu kwa sababu muda ulikuwa unakwenda.

"Magoti?"

"Koza zaidi. Yalikuwa yanapauka haraka, nayarudia mara mbili."

"Shingoni?"

"Hapa nyuma palikuwa na alama, kama tone. Ndani ya nywele."

Hakuwahi kuiona alama hiyo. Aliiweka. Aliuliza viwiko, akauliza nyuma ya masikio, na kila alichouliza mumewe alikuwa nacho, tayari. Akashukuru kwa moyo wote, na wakati huo huo akamwonea wivu. Akaikuza picha kwenye kinywa ili aweke kivuli cha midomo.

"Hilo jino halikuwepo," alisema Malale.

"Jino gani?"

"La chini hapo. Lilitoka Jumanne, kabla hajaumwa. Tukalirusha juu ya bati, akaomba jipya, tukacheka sana." Kisha akaona ameshafika mbali mno kuishia hapo. "Alikuja kukuonyesha pengo. Alisimama pale mlangoni."

Skolastika alikumbuka. Alikuwa anampaka chura rangi. Alisikia mtoto akiita mama, mama, tazama, naye akasema subiri kidogo mwanangu, wala hakugeuka. Kisha homa ikaja, na Jeniffer hakucheka tena hata mama yake akaliona lile pengo.

"Lipi?" aliuliza.

"La kushoto. Kushoto kwake, siyo kwako."

Akachukua kifutio, akasogea karibu na kioo, akalifuta.