Baba Yupo

Saa kumi alasiri mama alivaa viatu vyake vya mpira, akaonja mboga kama chumvi imekolea, akamwambia binti yake asifungue mlango ovyo, akaenda zamu ya jioni kufua mashuka ya hospitali. Jua lilipozama mumewe alifika. Huu ulikuwa mwaka wa tatu tangu aanguke ghorofani akipiga lipu, akafa. Alipangusa udongo mabegani, akaketi kwenye stuli mlangoni.

Alikuwa amerudi kwa ajili ya binti. Nyuma ya ngazi za jengo lao kijana mmoja, mwenye adabu zake, aliuza unga, si ule wa ugali, na wasichana wawili wa ghorofa ya juu walikuwa wameshazama. Binti alikuwa na miaka kumi na sita, shule basi, kazi hakuna, kutwa dirishani. Marehemu hakuwa na la kumpa. Alijaribu kurudi kazini, nyapara akamwambia nafasi yake ilishajazwa. Basi akawa anakaa. Muuza unga akipita humwamkia, "Shikamoo mzee," naye huitikia marahaba shingo upande, na yule kijana huenda zake. Kukaa nako ni kazi, tatizo ni kwamba hakuna anayeajiri.

Ndipo ikaja karakana ya mradi, ya kuwafundisha kuchomelea vyuma vijana walio hatarini kuingia kwenye unga. Binti aliitaka mpaka akawa anasimama mbele ya mageti ya watu kuyatoa kasoro. Afisa ustawi wa mradi alikuja jioni moja kupima sifa za binti, mama akiwa mapumziko, akakaribishwa kiti, akasalimiana na wote watatu.

"Watafiti wameona nyumba isiyo na baba ndiyo inayoponza watoto," alisema. "Hapa baba yupo."

"Amekufa," mama alisema.

"Pole sana, dada. Lakini yupo."

"Nipo," alikiri marehemu, ambaye hata enzi za uhai wake uongo ulimshinda.

Afisa alipoondoka, mama alisimama mbele ya mumewe.

"Mume wangu, utanisamehe. Ondoka, mtoto apate nafasi."

"Sawa," alisema, akaenda. Mama aliingia jikoni akalia kwa uchungu, maana kufiwa mara mbili na mume yuleyule si jambo dogo.

Ofisini neno la mama kwamba mumewe ameondoka halikutosha. Wanawake wengi, afisa alieleza kwa upole, huwaficha waume zao. Baba mwenyewe aje atamke kwamba hayupo. Akaja, mchana kweupe, akapanga foleni na walio hai huku jua likimla.

"Mimi sipo," alisema zamu yake ilipofika.

Afisa aliinuka akampa mkono. "Mzee, baba anayefuatilia mambo ya mwanawe namna hii ni wa kutafuta kwa tochi. Binti yako ana bahati kweli." Nafasi ilikwenda kwa mtoto wa mwenyekiti wa mtaa, ambaye baba yake husafiri sana kikazi.

Jua lile lilimdhoofisha marehemu, akashindwa kuinuka kaburini kwa muda. Stuli ikabaki tupu, mama yuko zamu, na kijana wa ngazini hakuona wa kumwamkia. Marehemu alipopata nguvu za kurudi, alimkuta binti ameketi kwenye ngazi, kidevu kifuani, akisinzia. Alimbeba mpaka ndani. Hakumgombeza. Mama aliporudi ndiye aliyegombeza, kwanza binti, kisha mume, kisha ukuta.

Haukupita muda mrefu, afisa akapiga hodi akiwa na uso wa furaha. Mradi ulikuwa umefungua awamu ya pili, ya vijana walioingia kwenye unga tayari. Marehemu alisogeza miguu apite. Binti alikuwa sakafuni, macho yamelegea, akijikuna mikono. Afisa alimwinamia, akamtazama vizuri, akamgeukia mama.

"Hongera, dada. Sasa sifa zote anazo."

"Ataanza lini?"

"Akishaacha."