Shimo la Amolo

Kiplimo wa kanjo, baraza la mji, alishika ncha ya tepu kwenye ukuta wa mbao wa jirani, Sally, akaivuta hadi penye shimo la moto la Mama Oketch. Mwenyewe alisimama, leso begani, akizitazama namba.

"Mita tano, mama. Sheria inataka nane."

"Pima tena."

Akapima. Tano. Tangazo lilikuwa langoni tangu Jumatatu: moto wa nje ukae mbali na nyumba, ndoo ya maji iwe kando, na shimo lililo karibu lifukiwe kabla ya Jumapili. Tangu ukame wa Januari ile ya tisini na saba, jiko la watu lilipoungua mtaa wa pili, mji haukuwa na mzaha tena.

Lakini shimo hilo alilichimba marehemu mumewe, Amolo, akalizungushia mawe ya mtoni. Jioni akitoka kiwanda cha chai, alikaa hapo akichoma mahindi ya Kedowa na kuimba tenzi kwa sauti ya chini, uso ameuelekeza mlangoni ili amwone mkewe akija na chai. Miaka miwili sasa tangu afariki, Mama Oketch bado hutoka na vikombe viwili, halafu hukumbuka.

Sally akachungulia dirishani, mtoto mgongoni. "We Kiplimo! Si wewe ulikuwa unamaliza mahindi ya mzee hapo? Leo shimo limekuwa baya?"

Kiplimo akacheka kwa haya, akashusha sauti. "Mama, naweza kuandika nane. Nani atakuja kupima?"

Mama Oketch aliyatazama mawe ya mtoni. Moyo wake ulitaka, tena sana. Kisha akaona alama nyeusi ambapo cheche ziliwahi kugusa mbao za Sally, na kimguu cha mtoto kikining'inia.

"Andika tano, mwanangu. Jumapili nitapiga magoti, nisiombe juu ya uongo."

Jumamosi alibeba mawe moja moja hadi mwisho wa ua, mbali na nyumba zote, akafukia shimo la zamani, akalikanyaga polepole. Jioni akawasha moto mahali papya, ndoo kando, akakalia kigoda cha Amolo kwa mara ya kwanza. Kutoka hapo mlango ulionekana mdogo, uko wazi.

Chai ilikuwa imeshachemka huko ndani. Akakaa tu, macho mlangoni, kama Amolo alivyokuwa akimngoja.