Pombe ya Irembo

Ukitaka kuoa mtaani Kanombe, mwombe Mungu usimkute Bayingana upande wa bibi harusi. Miaka kumi na mitano mzee huyu amekuwa msemaji wa familia zenye mabinti, na sifa yake ni kuwatoa wageni jasho. Wanapoleta pombe ya irembo, ile ya kuomba mlango wa nyumba, yeye huitazama saa nzima bila kuigusa, akiuliza maswali. Maana akishainywa, mlango umefunguka na hakuna wa kuufunga tena.

Binti yake mwenyewe, Shimwa, alikuwa mwaka wa nne China akisomea uhandisi. Chumba chake kilishapakwa rangi upya, kikimsubiri arudi Desemba, na Bayingana alihesabu wiki bila aibu. Ili asiachwe nyuma sana, alianza kujifunza Kichina kwa Bwana Liu, mwalimu aliyemfundisha Shimwa kabla hajasafiri. Baada ya miezi minane ya kuhangaika alijua kusalimia, kuhesabu na kusifu chakula. Lakini kwenye simu alijigamba kwa binti yake kwamba siku hizi hakuna Kichina kinachompita.

Ikafika Umuganura, ile Ijumaa ya Agosti ya kushukuru mavuno. Shimwa alisema naye angesonga ugali wa mtama huko huko bwenini, awalishe wenyeji wake. Nyumbani, mama yake Winifred aliandaa ugali na maziwa, majirani wakajaa sebuleni. Bwana Liu naye alialikwa.

Alikuja amevaa suti, jambo ambalo si kawaida yake, akiwa na mitungi miwili ya pombe ya kwao iliyofungwa vitambaa vyekundu. Nayo ni ya mtama. Pombe ya mtama siku ya mtama, Bayingana alifurahi mpaka akacheka peke yake. Liu hakuketi. Aliinama, akaanza hotuba ndefu ya Kichina, polepole.

Bayingana alidaka "binti". Akadaka "familia mbili". Mengine yalimpita kama pikipiki kwenye mzunguko wa barabara wa Sonatubes. Lakini sebule nzima ilikuwa inamtazama, na Mugenzi, jirani na mshindani wake wa maneno kwenye harusi, alikuwa ameinua nyusi. Aseme hajaelewa? Thubutu. Akatikisa kichwa kwa busara.

"Hao," akasema, yaani vizuri. "Hao, hao."

Akafungua mtungi, akanywa kikombe kizima, akawamiminia wengine. Liu akafuta macho, akaandika ujumbe kwenye simu yake. Bayingana akadhani ni ukali wa pombe.

Hazikupita dakika kumi simu ya video ikaita. Alikuwa Shimwa, sahani ya ugali mbele yake, na ubavuni kijana wa Kichina aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Shimwa alikuwa analia.

"Papa, iko kweli? Umekunywa pombe ya irembo?"

Shimwa aliongea mfululizo: kwamba aliwaeleza wazazi wa Jun, kijana huyo, mila za nyumbani, wakamwomba Mwalimu Liu awe msemaji wao, kwamba yeye Shimwa ndiye aliyemwambia aseme kwa Kichina, kwa kuwa Papa anakijua, kwamba aliogopa Mwalimu angewekwa kwenye maswali mpaka jioni. Mugenzi alishusha kikombe chake mezani taratibu. Bayingana alitazama vitambaa vyekundu, akatazama suti. Mabinti wa watu aliwapigania kutwa nzima, na wa kwake kamtoa kwa kikombe kimoja, tena akitabasamu.

Bado angeweza kusema hakuelewa. Lakini tangu mtoto yule azaliwe, hakuwahi kumwona na uso wa furaha namna ile.

"Papa," sauti ya Shimwa ikashuka, "na kwamba tutakaa huku, sitarudi, Mwalimu alikuambia? Ulielewa?"

Winifred alimgeukia mumewe, akasubiri. Nyuma yake mlango wa chumba kilichopakwa rangi ulikuwa wazi. Pombe ilikuwa bado inamuunguza Bayingana kifuani.

"Hao," akasema.