Gauni la Darasa la Pili

Jina la Mgeni lilimganda siku ya kwanza, alipoingia chumba cha walimu na sanduku mkononi na mtu akauliza, "Huyu mgeni atakaa wapi?" Sasa anamaliza mwaka wa nne katika nchi ya watu, anajua hata ni kigae gani cha koridoni kinachotikisika, na bado ni Mwalimu Mgeni. Mwenyewe hucheka tu. Angefanyaje? Ukinuna ugenini, nani atakubembeleza?

Lakini wiki ile ya kufunga shule kwa ajili ya Krismasi hakucheka. Darasa lake la pili lilikuwa limegeuka karakana. Nyota za karatasi kila mahali, gundi hadi kwenye nywele, mbawa za malaika zimeanikwa kwenye kamba, na kondoo wawili wa maboksi wakigombania mkia mmoja. Yeye alikuwa amesimama dirishani na simu sikioni, akiongea na mdogo wake aliyeko nyumbani.

"Mpe basi simu."

"Nimemwambia, dada. Hataki."

"Hataki nini?"

"Kuongea. Anasema ukifika ndiyo mtaongea."

Haya. Ukiambiwa hivyo na mtoto uliyemzaa, utasema nini? Binti yake huyo, wa pekee, alimwacha kwa mdogo wake akiwa darasa la pili, hana meno mawili ya mbele, analia huku ameng'ang'ania mkanda wa sanduku. "Krismasi nakuja," alimwambia. Krismasi ikaja, yeye hakwenda. Ya pili na ya tatu, vilevile. Mwaka huu alikuwa ameapa kwamba liwalo na liwe, ndipo kibali chake cha kuishi kikakwama ofisini kwa wakubwa. Akitoka bila kibali, hatarudi. Asiporudi, wale kule nyumbani watakula nini? Akapiga simu kusema haji, na tangu hapo mtoto hakuishika tena simu.

Alijaribu kujikaza. Alifundisha, alisahihisha, alikata nyota. Ila akiachwa peke yake machozi yalikuwa karibu. Alimtaka mwanawe aseme neno moja tu, hata la hasira.

Ndipo akapata wazo la gauni. Mtoto alikuwa kwenye kwaya ya kanisani, na siku ya Krismasi angesimama mbele ya watu wote. Akipelekewa gauni jipya kutoka kwa mama yake, apende asipende atashika simu kusema asante. Na akishaishika, mengine yatajisema yenyewe. Bahati nzuri mwalimu wa sayansi, waliyetoka naye nchi moja, kibali chake kilikuwa sawa na alikuwa anasafiri. Angelibeba.

Fundi cherehani alikuwa mama mmoja mkavu, kibanda chake kilitazamana na lango la shule. "Kitambaa nimekiona," alisema. "Vipimo viko wapi?"

Mwalimu akababaika. Simu ya mdogo wake ilikuwa ya vitufe, haipigi picha, na kuuliza vipimo kungeharibu siri. Picha pekee ya binti aliyokuwa nayo ni ile ya ukutani chumbani kwake, ambayo aliiaga kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

"Nisubiri kidogo," akasema. Akavuka barabara mbiombio, akarudi amemshika mkono Kibogoyo.

Kibogoyo alikuwa mwanafunzi wake, na jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya mapengo. Kwamba mwalimu anampendelea, hata kuta zilijua. Wengine wakiitwa asubuhi hujibu, "Nipo, mwalimu." Huyu, akili ikiwa bado iko kitandani, humtoka, "Abee, mama!" Darasa zima huangua kicheko. Mwalimu hamsahihishi. Hujifanya anatafuta chaki.

Fundi alizungusha utepe kifuani, akashusha hadi magotini, huku mtoto akijipindapinda kwa kutekenywa.

"Wanalingana kweli?"

"Kama pacha."

"Niache pindo kubwa? Watoto hukua hawa."

"Kidogo tu. Asije akajikwaa mbele ya watu."

Gauni lilitoka la njano, ukosi mweupe, vifungo mgongoni. Zuri, acha! Mwalimu wa sayansi alililaza juu kabisa ya nguo zake ili lisijikunje, akaondoka nalo.

Mkesha wa Krismasi, asubuhi, shule ilikuwa tupu. Mwalimu Mgeni alikuja darasani kushusha nyota, na pia kwa sababu pale dirishani mtandao ulikuwa haukatikikatiki. Simu ilipoita, alipiga ngazi teke akiteremka.

"Tumefika!" Mwalimu wa sayansi alionekana kwenye kioo cha simu, nyuma yake ukuta wa buluu wa sebule yao. Ukuta ule! "Mzigo nimeukabidhi. Ngoja nikupe wenyewe muongee."

Picha ikayumba, ikatulia kwenye uso wa mwanamke mwembamba, nywele amesuka, anamtazama.

"Mdogo wangu jamani!" Mwalimu akacheka kwa furaha. "Mbona umekonda hivyo? Unakula kweli wewe? Haya, niitie mtoto. Gauni limemkaa?"

Yule wa kwenye kioo akatazama chini, halafu juu.

"Shikamoo, mama," akasema. "Ni mimi."

Mwalimu akaivuta simu karibu. Kovu la kwenye nyusi, la siku ile alipoanguka bombani, lilikuwepo. Meno yote yalikuwepo.

"Marahaba, mwanangu. Ni... ni huku, mwanga mbaya. Sikuona vizuri."

"Sawa, mama."

Alikuwa amelitundika gauni begani. Akalishusha, akalinyoosha mbele ya kifua chake, na lilikuwa gauni la mwanasesere.

"Nimejaribu kulivaa," akasema. "Kichwa kimepita. Mabega ndiyo yamekataa."

"Fundi huyu! Fundi amekosea, yaani..."

"Ulimpimia nani?"

Uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni, lakini haukutoka. "Mtoto mmoja wa darasani kwangu."

"Darasa la pili?"

"Ndiyo."

Na usimcheke huyu mama. Miaka ya mwanawe aliijua. Ungemwamsha usingizini angekutajia kumi na mmoja. Lakini itazame kazi yake. Kila mwaka watoto wake hupanda darasa, na muhula ukifunguliwa huletewa wengine, kimo kilekile, mapengo yaleyale, viatu vilevile visivyofungwa kamba. Alikuwa ameishi miaka yote hiyo na watoto wasiokua. Binti yake amekua peke yake kule, bila ya yeye kuona hata inchi moja.

"Ni zuri lakini," binti akasema, akigusa ukosi. "Rangi yake nzuri sana." Alisema kwa upole, kama mtu mzima anayemfariji mgonjwa. Afadhali angefoka.

Mwalimu akafuta macho kwa kiganja chenye gundi. "Mpe huyo mwalimu simu akushikie," akasema. "Wewe rudi nyuma, nikuone wote."

Mwalimu wa sayansi akaipokea. Binti akaliweka gauni kitini, akarudi nyuma hatua moja. Yakaonekana mabega, basi.

"Bado. Rudi tena."

Akarudi hadi kwenye kabati. Kikaonekana kiuno.

"Tena kidogo, mama yangu. Miguu siioni."

Akarudi mpaka mlangoni, akasimama wima kwenye fremu, mikono pembeni. Sasa alionekana wote, toka utosini hadi kwenye ndala, mrefu, mgeni, mzuri mno. Mwalimu alitaka kumwambia hivyo. Alitaka kumwambia asisogee.

Sauti ya mdogo wake ikaita kutoka uani: "We binti! Wenzako wameshapita kwenda mazoezini!"

"Abee, mama!"

Mwalimu alikuwa ameshafungua kinywa kuitika. Binti alikwishageukia nje. Kisha akakumbuka, akaipungia simu mkono, akakimbia. Mlango ukabaki wazi na mwanga mtupu.

"Ameenda kwaya," mwalimu wa sayansi akasema kwa sauti ya chini. "Nikate, au unasubiri?"

"Nasubiri," akasema.

Yule bwana akaiegemeza simu mezani, akatoka taratibu. Mwalimu Mgeni akaketi kwenye kiti kimojawapo cha wanafunzi, magoti yamemfika kifuani, akautazama mlango ule na gauni la njano lililoachwa juu ya kiti.